Fanega Si Ekari

Ipo dhuluma ndogo ambayo wafasiri wa Kiingereza wameitenda kwa muda mrefu, hata sasa haionekani tena kuwa dhuluma. Imekuwa adabu ya kazi. Wanapokutana na neno la kupimia shamba katika maandishi ya Kihispania, wanalifuta na kuandika "ekari". Fanega, ekari. Obrada, ekari. Aranzada, ekari. Cuerda, ekari vilevile. Msomaji wa London au Chicago anapita bila kujikwaa, mhariri anaridhika, na kitabu kinasifiwa kwa Kiingereza chake laini. Nasema kwamba ulaini huo umelipiwa na mtu mwingine, naye ni mkulima ambaye kipimo kile kilikuwa chake. Na nasema jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: wasemaji wa Kiingereza hawajakosa uwezo wa kuyapokea maneno haya. Waliyapokea vizuri sana pale ardhi ilipokuwa inageuka kuwa yao.

Tuanze na fanega, maana ndiyo inayoonewa kuliko zote. Neno hili liliingia Kihispania kutoka Kiarabu, ambako lilikuwa na maana ya gunia. Huko Kastilia likawa kipimo cha ujazo wa nafaka, lita 55.5, kisha likawa pia kipimo cha shamba: eneo ambalo husiwa fanega moja ya mbegu. Msomaji aliyekulia pwani, anayeijua pishi na vibaba vyake vinne, hatapata taabu kulielewa wazo hili. Ni kana kwamba tungesema "shamba la pishi kumi", na kila mtu akajua shamba hilo linakula mbegu kiasi gani. Wahispania wana hata jina maalumu la fanega ya namna hii: huiita fanega ya ngumi, au kwa Kiswahili kilicho sahihi zaidi, fanega ya konzi, yaani ya mkono uliofumbata mbegu. Jina hilo huitenga na fanega iliyopimwa kwa kamba na kuwekewa idadi maalumu, ambayo kwa kawaida ya Kastilia ni kama mita za mraba 6,440.

Sasa tazama kinachofuata. Penye udongo wenye rutuba mbegu husiwa kwa kubanana. Penye udongo duni huachanishwa. Kwa hiyo fanega ya konzi huwa ndogo bondeni na kubwa kwenye miteremko ya mawe. Mtu wa ofisini akiliona hilo husema ni fujo, kwamba kipimo kinachobadilika si kipimo. Mkulima hakubaliani naye. Anaporithisha watoto wawili fanega moja moja, mmoja bondeni na mwingine mlimani, anajua kwamba kila mmoja atatoa ghalani mbegu ile ile. Hilo ndilo alilotaka kulipima, na amelipima kwa usahihi. Ekari haiwezi kumpa habari hiyo. Ekari ya leo ni mita za mraba 4,047, iwe jangwani au bustanini, na haijali nani atailima wala kwa mbegu gani.

Vipo vipimo vingine vilivyozaliwa na jasho badala ya mbegu. Obrada imetokana na neno la Kihispania lenye maana ya kazi: ni shamba linalolimwa kwa siku moja na jozi ya wanyama wa plau. Huko Segovia ni mita za mraba 3,930, Valladolid 4,658, Palencia 5,383. Miji hii mitatu ni majirani. Peonada ni kazi ya kibarua mmoja kwa siku. Yugada, kutoka neno la nira, inatisha zaidi, kwa sababu ina maana mbili ambazo haziwezi kukaa chungu kimoja: ni eneo linaloweza kulimwa na nira moja ya maksai kwa siku, na tena, katika matumizi mengine, ni fanega 50, yaani hekta 32 na ushei. Mfasiri anayekutana na yugada hana budi kusoma hati nzima, ajue mwaka wake na mahali pake, ndipo aamue. Kamusi haiwezi kumwamulia. Lakini kamusi ndiyo inayofunguliwa, na jibu la kwanza ndilo linaloandikwa.

Nichukue mfano ambao kila mtu anaweza kuukagua. Katika sura ya kwanza kabisa ya *Don Quixote*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1605, Cervantes anatuambia kwamba yule mwungwana wa La Mancha aliuza sehemu ya mashamba yake ili anunue vitabu vya hadithi za mashujaa wapanda farasi. Neno alilolitumia ni hanegas, ambalo ndilo fanega kwa tahajia ya zamani, na akaongeza kwamba ni ardhi ya kusia mbegu. John Ormsby, mfasiri maarufu wa mwaka 1885, akaweka ekari. Si yeye peke yake. Namtaja kwa sababu tafsiri yake imesambaa mno, na kwa sababu alikuwa mwanazuoni makini ambaye hatuwezi kumsingizia uvivu.

Ni nini kilichopotea? Kwanza kumbuka Cervantes alikuwa nani kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri. Kuanzia mwaka 1587 alizunguka Andalusia akitwaa ngano, shayiri na mafuta ya zeituni kwa niaba ya Mfalme, kwa ajili ya meli za kivita zilizokuwa zikiandaliwa kwenda kuishambulia Uingereza. Huko Écija alichukua nafaka ya Kanisa, na Kanisa likamtenga. Mtu huyu aliishi kwa fanega. Alizihesabu, akaziandikia stakabadhi, akatukanwa kwa ajili yake na wakulima waliojua kwamba malipo ya Mfalme huchelewa au hayaji. Anapoandika kwamba mwungwana wake ameuza fanega za kusia mbegu, hazungumzii ukubwa wa milki. Anasema mtu ameuza mkate wa miaka ijayo ili anunue karatasi. Kichekesho cha sentensi ile kimo humo, na uchungu wake pia. Ukiweka ekari, unapata kabaila wa Kiingereza anayepunguza mali yake kwa ajili ya maktaba, jambo ambalo halimchekeshi wala kumwumiza mtu.

(Lipo na dokezo jingine, ingawa sitadai kwamba Cervantes alilikusudia: vitabu vile kwa Kihispania huitwa vya caballerías, na caballería ni jina la kipimo cha ardhi vilevile. Mwungwana wetu aliuza fanega akanunua caballería za hewani.)

Watu wataniambia kwamba haya ni ya riwaya, na katika riwaya hakuna anayekufa njaa kwa neno moja. Basi tuondoke Kastilia tuvuke Atlantiki, kwa kuwa vipimo hivi navyo vilivuka pamoja na majeshi. Caballería ilikuwa mgawo wa ardhi wa askari mpanda farasi aliyeshiriki katika uvamizi wa nchi zile. Mwenzake wa miguu alipewa peonía, iliyo ndogo. Kila koloni likalichukua neno na kulikuza au kulikata kwa namna yake. Caballería ya Kuba ni hekta 13.42. Ya Meksiko ni karibu hekta 42.8. Ya Guatemala ni kama hekta 45. Ya Puerto Rico ni zaidi ya 78. Jina ni moja, na ukubwa unazidiana kwa karibu mara sita.

Tarehe 17 Juni 1952 serikali ya Jacobo Árbenz huko Guatemala ilitoa Amri Namba 900, sheria ya mageuzi ya ardhi. Mashamba yasiyozidi caballería mbili hayakuguswa, yawe yanalimwa au hayalimwi. Tarehe 17 Mei 1959 serikali ya Fidel Castro huko Kuba ilitoa sheria yake ya mageuzi ya ardhi. Humo nako mna caballería mbili: ndicho kiwango cha chini kilichohesabiwa kumtosha mkulima na familia yake. Ukizisoma sheria hizi mbili ukidhani caballería ni caballería, utaona zinafanana, na pengine utaandika makala ya kitaaluma kuthibitisha kwamba ya pili iliiga ya kwanza. Kumbe caballería mbili za Guatemala ni hekta 90, na za Kuba ni hekta 27 tu. Upande mmoja ni mwenye shamba kubwa anayesamehewa. Upande wa pili ni mkulima mdogo anayeinuliwa. Sheria ya Kuba iliweka kikomo cha umiliki kuwa caballería 30, yaani hekta 402. Mfasiri akitumia kipimo cha Meksiko, kikomo hicho kinakuwa zaidi ya hekta 1,280, na sheria iliyowatikisa wenye mashamba makubwa inageuka kuwa zawadi kwao. Hakuna hata neno moja la sheria litakalokuwa limebadilishwa isipokuwa moja, tena kwa nia njema.

Au tuchukue cuerda, neno lenye maana ya kamba. Puerto Rico cuerda ni mita za mraba 3,930, karibu sawa na ekari, na kwa hiyo kamusi nyingi hutoa jibu hilo bila kufikiri. Katika nyanda za juu za Guatemala, cuerda hutegemea kijiji: mahali pengine ni vara 25 kwa 25, vara ikiwa ni sentimita 83 na kitu, yaani takriban mita za mraba 437, mahali pengine ni vara 40 kwa 40, yaani kama mita za mraba 1,118. Fikiria sasa mjane anayemwambia mtafiti kwamba ana cuerda kumi, za vara 25. Ana chini ya nusu hekta. Ripoti ikiandikwa kwa Kiingereza na cuerda kumi zikawa ekari kumi, mjane yule ana hekta nne. Amepata utajiri mara tisa wa mali aliyonayo, bila kuongezewa hata tuta moja, na orodha ya wanaostahili msaada inampita. Nani atamweleza kwamba aliangushwa na mfasiri? Fanega yenyewe haikusalimika: nchini Costa Rica fanega ya kahawa ni lita 400 za matunda, cajuela 20, na mchumaji hulipwa kwa cajuela. Anayeitafsiri kwa lita 55 za Kastilia amekosea mara saba, juu ya mgongo wa mtu anayelipwa kwa kikapu.

Upinzani wa heshima kabisa dhidi ya hoja yangu unatoka kwa wafuasi wa Eugene Nida, aliyetufundisha katika miaka ya 1960 kwamba tafsiri itafute athari inayolingana badala ya maneno yanayolingana. Watanikumbusha, na ni kweli, kwamba ekari nayo ilizaliwa kama obrada: ilikuwa eneo linalolimwa na maksai kwa siku. Watanikumbusha kwamba Waayalandi walikuwa na ekari yao, kubwa kuliko ya Uingereza kwa zaidi ya nusu. Basi, watasema, obrada na ekari ni ndugu. Kuna kosa gani kumwita ndugu kwa jina la ndugu yake?

Ningeikubali hoja hii kama ndugu huyo angekuwa hai. Ekari ya Kiingereza imekwisha kufa kama siku ya kazi. Kilichobaki ni tarakimu katika matangazo ya nyumba. Hakuna Mwingereza leo anayesikia kwato za maksai ndani ya neno hilo. Lakini mpaka leo, huko Valencia, mashamba ya michungwa huuzwa kwa hanegada, ambayo ni mita za mraba 831, karibu sehemu moja ya nane ya dada yake wa Kastilia. Huko Galisia watu hugawana urithi kwa ferrado, ambayo Lugo ni mita za mraba 437 na Pontevedra 629. Huko Murcia bustani za umwagiliaji huhesabiwa kwa tahúlla, neno jingine waliloliacha Waarabu pamoja na mifereji. Kumvika aliye hai nguo za marehemu hakuleti athari inayolingana.

Na hapa ndipo ninapokusudia kuwabana. Tunaambiwa kwamba msomaji wa Kiingereza hawezi kuvumilia maneno haya, kwamba yatamchosha, kwamba Kiingereza hakina nafasi yake. Je, ni kweli? Wamarekani walipolitwaa eneo la Texas, walikuta hati za ardhi zilizoandikwa kwa vara, labor na sitio. Hawakuzigeuza kuwa ekari kwa makisio na kuendelea na safari, kwa sababu aliyekosea vara alipoteza malisho. Mahakama zao, wapima ardhi wao na mawakili wao walijifunza. Vara ikaandikwa katika Kiingereza cha sheria kama vara. Labor, ambayo ni vara za mraba milioni moja, ikabaki labor, ingawa kwa Kiingereza neno hilo tayari lilikuwa na maana nyingine. Mwaka 1919 jimbo hilo lilipitisha sheria inayosema vara ni inchi 33 na theluthi moja. Theluthi moja ya inchi! Nayo Puerto Rico, chini ya bendera ya Marekani, takwimu za kilimo za serikali ya shirikisho huchapishwa kwa cuerda, kwa Kiingereza, na hakuna msomaji aliyeripotiwa kuzimia. Huko India Waingereza waliandika bigha katika vitabu vya kodi. Afrika Kusini waliandika morgen ya Kiholanzi katika hati mpaka vipimo vya mita vilipoingia katika miaka ya 1970.

Kwa hiyo Kiingereza kina masikio makali kabisa kinapotaka. Kinapokuwa kinakusanya kodi, kinapothibitisha umiliki, kinapogawana nchi ya watu, hujifunza vara hadi theluthi ya inchi. Kinapofika kwenye riwaya ya mkulima, au maelezo ya mjane wa Guatemala, ghafla kinakuwa kiziwi na kudai lugha laini. Lawrence Venuti aliandika mwaka 1995 juu ya mfasiri asiyeonekana, na jinsi soko la vitabu vya Kiingereza linavyompenda mfasiri wa namna hiyo. Ninaongeza tu kwamba mfasiri asiyeonekana huondoka na mtu mwingine asiyeonekana pia, aliyekuwa ameshika plau.

Nisieleweke kwamba natetea uvivu wa upande wa pili. Wapo wafasiri wanaoliacha neno la Kihispania katika herufi za mlazo, kama kipepeo aliyechomwa pini, bila kusema ni fanega ya wapi. Huo ni urembo mtupu, na katika ripoti ya kilimo ni hatari sawa na ekari. Ninachodai hakihitaji nadharia mpya. Neno libaki. Lifuatane na mahali pake: fanega ya Ávila, cuerda ya kijiji fulani, caballería ya Kuba. Mara ya kwanza litajwe kwa hekta au mita za mraba, palipo na uhakika. Na pasipo na uhakika, mfasiri aulize kabla ya kuandika tarakimu. Hata dola ya Hispania, iliyotaka kuviua vipimo hivi, ilifanya kazi hiyo kwa heshima kuliko wafasiri wetu. Sheria ya mwaka 1849 ilileta vipimo vya mita, na mwaka 1852 serikali ikatoa majedwali ya ulinganisho, mkoa kwa mkoa. Haikuthubutu kusema fanega ni kiasi gani bila kutaja fanega ya nani.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kwa njia isiyokwepeka, kwa kuwa fasihi ya Kihispania na ripoti za Amerika ya Kusini hutufikia kwa mlango wa Kiingereza. Mwanafunzi wangu anapokuta ekari katika tafsiri ya Kiingereza, huandika ekari, naye hana hatia. Alichokabidhiwa kilikuwa kimekwisha kuhasiwa. Nasi tunajua uzito wa neno la kipimo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar iliwagawia watu ardhi, na mpaka leo watu husema "eka tatu" wakimaanisha aina ya umiliki, enzi na historia, wala si hesabu tu. Mwandishi wa Kihispania akiligeuza neno hilo kuwa hekta 1.2, atakuwa amehesabu sawasawa, na Mzanzibari hatajitambua humo.

Wachapishaji hunijibu kwamba jedwali la vipimo mwishoni mwa kitabu ni gharama na linamfukuza msomaji. Wachapishaji hao hao huchapa ramani za rangi za falme ambazo hazijawahi kuwepo duniani, na majina ya mito yake yote.